Hayat, Aliyeomba Kunawa Kabla ya Kukagua

Kifuniko cha sufuria kinagonga, tk tk tk, kabla mwadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti. Ni sauti yako hiyo, Hayat. Miaka yote niliamka nayo hapa Majengo, nikajua mwanangu ameshapampu stovu na maji yetu ya kunywa yanachemka. Sasa stovu naiwasha mimi. Mwaka umezunguka tangu ulipotoka kwa mlango huu ukasema, "Mama, leo nitarudi mapema," na masikio yangu bado yanadanganyika. Kifuniko kikianza kugonga, kifuniko nilichokiweka kwa mkono wangu mwenyewe, nageuza uso jikoni nikuone.

Mwanao Tahir aliniambia kwamba tangazo la kumbukumbu huwa fupi: picha, jina, tarehe, na majina ya jamaa kwa chini. Nikamtania kama bibi na mjukuu wake, "Mume wangu, wewe leta hiyo picha. Maneno niachie mimi." Akacheka kwenye simu ya jirani, kisha nikamsikia akivuta kamasi. Nilijua analia, nikajifanya simu imekatika.

Watakaosoma hapa na hawakukujua, wajue kwamba ulikuwa bwana afya. Mwanamke mzima, na buibui lako na mkoba wako wa kahawia, lakini kutoka Thika hadi Ruiru jina lako lilikuwa hilo, kwa sababu kazi ilipewa jina kabla yako. Watoto wa Gatongora walikutangulia wakipiga kelele, "Bwana Afya anakuja! Amejifunika leso!" Wewe ulicheka mpaka ukasimama kushika kiuno.

Kazi yako ilikuwa kupita kwenye kliniki, nyumba za kujifungulia na maduka ya dawa, uangalie kama kanuni za afya zinafuatwa. Kama mikasi na koleo vimechemshwa. Kama sindano zilizotumika zimetupwa mahali ambapo mtoto hawezi kuziokota. Kama anayedunga watu amesomea kudunga. Kazi hiyo haina marafiki. Wengine wakikuona kwa mbali walifunga mlango wakasema daktari amesafiri. Siku moja nilikuuliza kama hukuchoka kuonekana adui. Ulikuwa unanikata kucha, maana Ijumaa ulinikata kucha bila kuombwa. Ukasema, "Mama, wanaonichukia ni wale ambao bado sijarudi kwao."

Sikuelewa siku hiyo. Nilielewa baadaye, na nitaeleza.

Hukuzaliwa unajua kazi hiyo. Ulianza ukiwa msichana wa kufagia katika zahanati ya Mama Surekha, yule mkunga wa Kihindi aliyezalisha nusu ya mtaa wetu. Siku moja mkaguzi mmoja alifika pale, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kuvuta droo. Kisha akakufokea mbele ya akina mama wajawazito kwa sababu ya ndoo uliyokuwa umeiacha njiani. Ulikuja nyumbani ukilia, ukaapa hutarudi. Asubuhi Mama Surekha akaja mwenyewe, na sari yake ameikunja kwa sababu ya tope, akakaa pale pale mlangoni. Alikuambia maneno ambayo uliyaigiza kwa sauti yake mpaka mwisho wa maisha yako:

"Beti, binti yangu, ndoo ilikuwa njiani, hiyo ni kweli. Lakini siku moja wewe utakuwa mkubwa, utaenda kuangalia kazi ya watu. Ukifika, omba kunawa kwanza. Mgeni akiomba maji, mwenye nyumba hawezi kumficha bomba. Kama maji yapo, utayaona. Kama sabuni haiko, utajua bila kumwuliza. Na yeye atajua hukumletea mikono michafu kumtafutia uchafu."

Ulikuwa na umri gani? Msichana tu. Yeye ndiye aliyekupeleka kusoma, akakulipia sare, akakutembeza kwenye vyumba vyote vya zahanati akikuuliza, "Hapa ungeangalia nini?" Alipowafuata watoto wake Ulaya alikuachia beseni lake la bati lenye maua. Bado liko hapa. Nimelitumia leo.

Basi ukawa hivyo. Ulifika mahali ukapiga hodi, ukauliza habari za kazi, ukasema, "Naomba kunawa." Halafu ulikaa na mfagiaji kabla ya kukaa na daktari. Ukiona kosa hukulitaja mbele ya wagonjwa. Ulimwambia mwenye kliniki, "Hebu nionyeshe tangi lako la maji," mkaenda wote wawili nyuma ya nyumba, na huko ndiko ulikomwambia. Hukumpangia siku ya kurekebisha. Ulimwuliza yeye, "Utakuwa tayari lini?" Siku aliyoitaja kwa mdomo wake, siku hiyo ulirudi, hata kama mvua inanyesha mawe. Hukuwahi kusema utarudi usirudi.

Palipokosekana sabuni uliacha yako. Nililalamika kwamba sabuni ya nyumba hii haifiki mwisho wa wiki, nikadhani panya wanaila.

Kisha afisini wakakupa Njambi umfundishe. Msichana wa watu wa Gatongora, ametoka chuoni juzi, viatu vinang'aa, kalamu mkononi kama askari wa trafiki. Ulimleta chai hapa siku ya kwanza na mimi nikampenda kwa sababu alikula mahamri bila kuona haya. Lakini kazi aliishika kwa kucha. Nawasikia bado mkibishana kwenye meza hii.

"Madam, leo nimepata makosa mengi kushinda jana."

"Hongera. Na yaliyorekebishwa ni mangapi?"

"Kurekebisha si kazi yangu, Madam. Yangu ni kuyaona."

"Basi kazi yako hata paka wa mama anaiweza. Huyo huona panya, akamwangalia tu."

Nikasema, "Paka wangu msimtie kwa mambo yenu."

"Shosho, paka wako akipata cheti atakuwa mkubwa wangu," Njambi akasema, na wewe ukatema chai kwa kucheka.

Yeye ndiye aliyeanza kuniita Shosho, kama wanavyoita bibi zao kwao, na mimi sikumkataza.

Ulimfundisha bila haraka. Mlitembea pamoja, Kahawa Sukari, Ruiru mjini, Mwihoko, na mkitoka mahali ulimwacha aseme kwanza alichoona, kisha ukasema chako. Ulimfundisha kuangalia uso wa mgonjwa aliye mwisho wa foleni, kwa sababu, ulisema, huyo ndiye anayejua kliniki inavyoendeshwa wakati bwana afya hayupo. Na alipokosea, hata hapa nyumbani kwetu, hukumwambia mbele yangu. Nilikusikia tu, "Njambi, hebu nisaidie kuangalia tangi." Nilidhani tangi letu linavuja. Njambi mwenyewe aliniambia baadaye, "Madam alinisahihisha tangu nianze kazi, Shosho, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kusikia."

Ulitutoka mwezi wa Juni, ile baridi ya manyunyu. Presha. Ulianguka Ruiru ukiwa kazini. Wenye kliniki uliokuwa umewakagua ndio waliokubeba, na ndio walioshika jeneza mpaka likafika Thika. Mmoja wao aliniambia, "Mama, huyu alinifunga mara moja na akanifungua mara moja, na siku zote mbili nilimshukuru." Nilitaka kumwuliza jina, machozi yakanizuia.

Kisha hitma ikasomwa. Maturubai yakakunjwa, sufuria kubwa zikarudishwa kwa wenyewe. Tahir akakaa nami mpaka ruhusa yake ikaisha, akarudi Eldoret kazini. Watu wema sana, Hayat, sitawasema vibaya. Walikuja wengi, kisha wakaja wachache, kisha wakawa wananisalimia wakipita njia. Ndivyo ilivyo. Kila mtu ana nyumba yake.

Nyumba ya mtu mmoja ina kimya chake. Nilipika wali wa watu wawili muda mrefu. Nilimwita paka kwa jina lako bila kukusudia. Na stovu nikaiacha. Kuchemsha maji kwa ajili ya mdomo mmoja niliona ni kuchoma mafuta ya taa bure. Alfajiri ikawa adhana tu. Sufuria nikaitundika kwenye msumari.

Mwisho wa mwaka ile mvua ya El Nino ikaja, ikakataa kukoma. Mabati yaliimba mchana kutwa, pipa la nje likajaa likamwagika. Nikasema, haya, Mungu ameniletea maji mlangoni, bombani kuna foleni na magoti yangu hayataki foleni. Nikawa nachota kikombe kwenye pipa, nakunywa.

Njambi hakuja. Mwanzoni, baada ya mazishi, alipita kila wiki. Kisha akapotea. Nilikaa dirishani siku za Jumamosi nikasema, huyu naye ameolewa na kazi, au amenisahau. Nilihesabu kwamba nimepoteza wa pili.

Kumbe alikuwa na aibu. Nitasema ilivyokuwa, kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe alisema, "Andika, Shosho, ili mwingine asirudie."

Ulipoondoka walimwachia Njambi njia yako yote. Akaogopa watu watasema nafasi ya Hayat amepewa mtoto. Kwa hivyo akajifanya mkali. Katikati ya ile mvua akafika Mwihoko kwa Mulei, yule Mkamba mwenye kliniki ya vyumba viwili, ambaye watu wote wanamwita Daktari. Siku hizo watoto wa Mwihoko waliharisha sana kwa sababu ya maji ya mafuriko, na kliniki yake ilijaa akina mama hadi nje chini ya miavuli. Njambi hakupiga hodi. Hakunawa. Akaenda moja kwa moja nyuma penye jiko, akafunua sufuria ya kuchemshia vyombo. Ndani ya maji, pamoja na koleo na mikasi, yalikuwa mayai mawili.

Mafuta ya taa yalikuwa shida wiki hiyo, magari hayapiti kwa tope. Mulei hakuwa amekula tangu asubuhi. Alifikiri maji yanayochemka ni yanayochemka tu.

Ni kosa, Hayat, najua. Ungekuwa wewe ungelisema pia. Lakini Njambi aliitoa ile sufuria akaja nayo mbele ya akina mama, akasema kwa sauti, "Tazameni anavyowatibu! Hapa panafungwa!"

Mama mmoja akacheka. Akasema, "Wooi, kumbe tunatibiwa na mpishi!" Wengine wakadakia, "Daktari wa Mayai!" Mulei alisimama hapo na koti lake jeupe. Akafunga mlango.

Keshoye Mulei alinunua sufuria mpya ya vyombo, akaweka ya chakula mbali, akafanya kila kitu alichoagizwa. Njambi akamwandikia kwamba anaweza kufungua. Hakufungua. Jina lilikuwa limeshafika kila kona. Akitoka kununua mkate, watoto walimwuliza kama yamechemka. Akakaa ndani.

Na watoto wa Mwihoko wakaendelea kuharisha. Mama zao wakawafunga mgongoni, wakatembea kwenye tope mpaka Ruiru mjini. Njambi alikutana na mmoja njiani. Mtoto amelegea, kichwa kinayumba mgongoni kama ua lililokatwa. Njambi akambeba yeye, wakakimbia pamoja. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini yule mama, hajui anayemshukuru ni nani, alimwambia, "Kulikuwa na daktari karibu na nyumba yetu. Bwana afya akaja akamfungia."

Siku hiyo Njambi akaamua kuacha kazi.

Alikuja kwangu alasiri. Nilikuwa nimekaa sebuleni na jirani yangu Amida, tunachambua maharagwe. Nikasikia hodi, nikaijua. Viatu vyake havikung'aa tena. Hakukaa.

"Shosho, nimekuja kukuaga. Hii kazi naiacha. Shangazi yangu ana kibanda cha mitumba pale Ruiru, nitamsaidia."

"Mitumba?"

"Nguo haiumizi mtu, Shosho."

Nikamwambia akae. Nilijua kama akiondoka na mlango huo, Hayat, kila kitu ulichomwekea kinaondoka naye, na hapa Thika hakuna mtu mwingine anayekijua. Mimi sijui kazi yenu. Mimi najua tu sauti ya kifuniko. Ningemwambia nini?

Akasema, bila kufikiri, kwa mazoea tu, "Naomba kunawa."

Nikamwonyesha kwa mkono. Akaenda jikoni. Nikamsikia akifunua jagi, akalifunika. Akasogeza beseni la Mama Surekha. Alirudi mikono mikavu. Alikuwa ameona jagi tupu. Sabuni imepasuka kwa kukauka. Stovu ina vumbi, na sufuria iko kwenye msumari, buibui amejenga mpaka ukutani. Nilimtazama, naye akamtazama Amida, kisha akanitazama mimi.

"Shosho," akasema, "hebu njoo unionyeshe tangi lako la maji."

Amida akauliza, "Tangi lina nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Tunaangalia tu."

Tukatoka nyuma. Manyunyu yalikuwa yanaanza tena. Akasimama karibu nami, akanishika kiwiko nisiteleze, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Unakunywa maji gani, Shosho?"

"Ya mvua. Ya pipa."

"Unayachemsha?"

Nikaangalia pipa. Hakunikaripia. Hakuniambia kuhusu kipindupindu, ingawa redio ilikitaja kila siku. Alingoja tu. Nikamwambia ukweli, kwamba sina mtu wa kumchemshia.

Akasema, "Mimi nikija nitakunywa. Utaanza tena lini?"

Hakunipangia siku. Aliniuliza mimi. Nikasema, "Kesho alfajiri."

"Sawa. Basi nitarudi kesho kutwa, nione."

Hapo nikamwona vizuri. Nikamwambia, "Wewe si umeacha kazi? Muuza mitumba anatafuta nini kwenye maji yangu?"

Alicheka, halafu kicheko kikageuka, akaweka kichwa chake begani pangu akalia pale kwenye mvua, mimi na goti langu bovu tumeegemea pipa. Alilia kwa ajili yako, Hayat. Sikuwa nimeona mtu akikulilia tangu hitma, na Mungu anisamehe, nilifarijika.

Alipotulia akanieleza yote, mayai, vicheko, yule mama wa njiani. Nikamsikiliza. Mimi sina elimu ya kumshauri mtu wa afisi. Nikamwuliza tu nilichokijua.

"Kwa Mulei, ulimpeleka nyuma kwenye tangi?"

"Sikumpeleka, Shosho."

"Ulinawa kwake?"

Akatikisa kichwa.

"Basi hujamaliza kumkagua. Rudi."

Kesho kutwa alikuja hapa kama alivyosema. Maji yalikuwa yamechemka, yamepoa, yamefunikwa. Akanawa, akanywa glasi nzima, akaiweka juu chini. Kisha akaenda Mwihoko. Yaliyotokea huko nimeyasikia kwake na kwa Mulei mwenyewe, maana sasa Mulei akija soko la Thika hupita kunisalimia.

Alikuta mlango umefungwa, akabisha. Mulei akachungulia dirishani.

"Madam, umekuja kufunga nini tena? Huu mlango siku hizi unajifunga wenyewe."

"Nimekuja kunawa, Daktari."

"Ruiru maji yamekwisha?"

"Naomba kunawa."

Mulei anasema alitaka kumfukuza. Lakini kwao, mtu akiomba maji hafukuzwi. Akafungua. Akatoa birika na sabuni, sabuni mpya, na taulo safi kwenye msumari wake, akammiminia kama mtu anavyomnawisha mgeni kabla ya chakula, na Njambi akainama kidogo akinawa. Walipomaliza akamwomba amwonyeshe tangi. Huko nyuma hakumwambia kosa, maana kosa lilikuwa limeshakwisha. Alimwomba msamaha. Njambi akamwuliza, "Utafungua lini?" Akasema hajui. Akamwambia, "Chagua siku, nitakuwa hapa."

Siku hiyo ikafika. Njambi akasimama mlangoni pale pale alipokuwa ameinua sufuria, akawaambia akina mama waliokuwa wakipita, kwa sauti ile ile, "Nilimwaibisha Daktari hapa mbele yenu, na sikufanya vizuri. Nimeangalia kila kitu. Hapa ni safi. Mimi mwenyewe nikiugua nitakuja hapa."

Mama mmoja akauliza, "Na mayai je?"

Mulei akajibu kutoka ndani, "Mayai sasa nakula kwa jirani! Mwenye mtoto mgonjwa aingie, mwenye njaa aende hotelini!"

Wakacheka, lakini safari hii wakaingia. Hapo ndipo nilipoelewa neno ulilonijibu siku ile ukinikata kucha.

Njambi hakwenda kwa mitumba. Yuko kazini, njia yako ile ile. Mkoba wako wa kahawia nilimpa. Alikataa, nikamwambia nyumba hii ni ndogo, mkoba unachukua nafasi. Ulikuwa uongo. Nyumba hii sasa ni kubwa mno.

Wiki iliyopita alikuja na kijana anayemfundisha, anaitwa Githinji, mrefu hata akainama mlangoni. Githinji akasimama katikati ya sebule anaangalia dari, anaangalia kabati, mikono nyuma.

Njambi akamwambia, "Githinji, umeshaanza kukagua nyumba ya Shosho? Umenawa?"

"Pole, Madam."

"Usiniambie mimi pole. Omba maji."

Nilimpelekea beseni lenye maua. Nilipokuwa namimina niligeuza uso, wasione.

Mwanangu, sitadanganya kwamba upweke umekwisha. Njambi huja Jumamosi akipata nafasi, na Jumamosi ni moja kwa wiki. Siku nyingine ni mimi na paka. Kitanda chako nimekitandika. Kikombe chako, kile ulichokuwa ukikipasha joto kwa maji moto kabla ya kunimiminia mimi chai, ukasema chai ikikutana na kikombe baridi hukasirika, nakipasha mwenyewe sasa, na chai haina ladha ile. Jioni nikisikia viatu vya mwanamke uchochoroni huwa nasimama. Vikipita, nakaa.

Lakini maji nachemsha. Kila alfajiri. Sitaki Njambi akija akute jagi tupu, na sitaki wewe uone, popote Mwenyezi Mungu alipokulaza, kwamba mama yako amerudi kwenye pipa.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako Ruqayya. Mwanao Tahir na mkewe huko Eldoret, na mjukuu wako mchanga ambaye hukumwona, amepewa jina lako. Kaka yako Abdulnasir na nyumba yake yote. Jirani yetu Amida. Na Njambi wa Gatongora, ambaye hakuzaliwa katika nyumba hii lakini anajua kila kitu kilipo jikoni. Mulei wa Mwihoko aliomba jina lake liwekwe pia. Nimeliweka. Mungu akurehemu, Hayat. Hakuna siku tutakayoacha kukukumbuka.

Uliniambia utarudi mapema. Sikulaumu, najua kama ingekuwa mkononi mwako ungerudi. Ila ukiruhusiwa, mama, hata ndotoni, hata kidogo tu kabla ya adhana, pitia tena. Sabuni ni mpya, na maji yako tayari.